Niliomba simu ya kunielekeza njia, sasa kila ofisi inanisukumia kwa nyingine

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala, kazi yangu ni kupeleka mizigo kwa pikipiki. Wateja wangu wakubwa ni akina dada wanaouza nguo na vipodozi mtandaoni. Wao wanapokea oda, mimi napita kuchukua na kusambaza. Mwanzoni nilikuwa nazungukia Mbagala, Temeke na Kariakoo, huko sihitaji kuelekezwa na mtu. Lakini biashara zao zimekua, sasa oda zinakwenda Goba, Madale, Kinyerezi, hadi Msakuzi, na huko mimi ni mgeni kabisa.

Simu yangu ya zamani ilipoharibika nikaenda Kariakoo na mdogo wangu kutafuta nyingine. Nikamwambia kijana wa dukani, mdogo wangu akisikia: nataka simu ya kazi, niweke lokesheni ya mteja iniongoze mpaka mlangoni, iongee, kwa sababu siwezi kuendesha pikipiki huku naangalia skrini. Sikutaja aina ya simu wala jina la kampuni, mimi hayo siyajui. Yeye ndiye aliyeitoa kwenye kabati, akasema hii ndiyo yenyewe, bodaboda wengi wanaichukua, ina ramani, ina GPS, kila kitu. Na kweli kwenye boksi imeandikwa GPS. Bei shilingi 290,000. Nikatoa kianzio 90,000, iliyobaki nailipa kila wiki kwa kampuni ya mkopo. Nisipolipa simu inajifunga.

Shangazi, ramani ipo lakini haiongozi. Nikiweka lokesheni ya mteja inachora mstari na kuniandikia orodha: kata kulia, nenda mita kadhaa, kata kushoto. Basi. Haina pale pa kubonyeza ianze safari, haitoi sauti, haiendi na mimi. Nikisimama pembeni ya barabara siwezi hata kujua nimeelekea upande gani, naanza kwenda kinyume, nikishatembea kidogo ndiyo naona kidoti kinakwenda siko. Kijana mmoja kijiweni akaniambia nipakue programu nyingine ya kuongoza. Nikijaribu naambiwa nafasi imejaa, wakati simu sina hata miezi miwili nayo.

Nikarudi dukani. Wakasema wao wanauza tu, niende kituo cha huduma cha kampuni ya simu. Kituo cha huduma wakaishika, wakaniambia simu ni nzima na GPS inasoma, mambo ya programu si kazi yao, nipige namba ya huduma kwa wateja. Namba hiyo inaongea rekodi tu mpaka salio linakata. Nikawaandikia WhatsApp, wakanitumia picha za maelekezo ya simu ambayo si yangu. Nikarudi tena dukani, sasa hivi yule kijana akiniona anajifanya yuko bize.

Juzi mzigo wa keki umefika Madale watoto wameshaimba na kulala. Yule dada alirudisha pesa yote ya mteja na mimi hajaniita tena. Naumia, Shangazi, kwa sababu mimi si mvivu na wala sikuomba kitu cha bure.

Kaka yangu ananiambia niache kulipa marejesho mpaka wanisikilize. Fundi mmoja anasema nimpe 25,000 aiflashi, aondoe ule mfumo unaofunga simu na kuweka mfumo kamili. Nifanye lipi? Je, nina haki yoyote hapa, au ndiyo nimeshaliwa?

Kijana wa mizigo, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana, na pole kwa ile keki. Mteja aliyepotea ni pesa ya watoto, na wewe umepoteza kwa kosa ambalo ulijitahidi kulikwepa tangu siku ya kwanza.

Nianze na yale mawili ya mwisho kwa sababu nahofia utayafanya kabla hujamaliza kusoma. Marejesho usiache kulipa. Simu usimpe fundi aiflashi.

Kampuni ya mkopo na duka lililokuuzia ni watu wawili, na kwa kawaida karatasi uliyosaini kwa mkopo inasimama peke yake. Ukiacha kulipa, anayeumia siku ya kwanza si yule kijana wa dukani, ni wewe, kwa sababu simu inafungwa na hata hizo oda za Temeke hutazipokea. Tena wakati wa kudai, wao ndio watakaokuwa na la kusema: huyu ni mdaiwa sugu. Lipa, ila kila unapolipa tunza ujumbe wa malipo, na uwaandikie kampuni ya mkopo mara moja kwamba unalipa huku ukiwa na malalamiko juu ya simu yenyewe. Kuflashi ndiyo kubaya zaidi. Waranti inakufa hapo hapo, mkataba wa mkopo unakuwa umeuvunja wewe, na simu ikigoma kuwaka hakuna atakayekusikiliza.

Sasa tuitazame simu yako. Kwa ulivyoeleza, sidhani kama GPS ni mbovu. Umesema kidoti kinakwenda na wewe unapotembea. Simu inajua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setelaiti zilizo juu yetu, zile za GPS za Wamarekani zikiwa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Inahitaji kuzisikia angalau nne kwa pamoja ili ipige hesabu ya ulipo. Kidoti kisichoruka ruka kinaonyesha kwamba kazi hiyo inafanyika. Kwa hiyo kituo cha huduma hawakudanganya waliposema GPS inasoma. Wamejibu swali ambalo hukuwauliza. Wewe hukulalamika kwamba simu haijui ilipo, umelalamika kwamba haikuongozi.

Kujua ulipo ni kazi ya kipokezi kilicho ndani ya simu. Kukuongoza, yaani kukuambia kwa sauti kata hapa na kupanga njia upya ukipitiliza, ni kazi ya programu. Neno GPS kwenye boksi linaahidi lile la kwanza tu. Wauzaji wengi wanalijua hilo vizuri, na wanaacha mnunuzi aamini kwamba amenunua yote mawili. Hilo linanikera kuliko maneno ninayoweza kuyaandika kwenye safu hii, kwa sababu wanaoumia ni watu kama wewe wanaonunua simu moja wakiwa wamejibana, si wenye kubadilisha simu kila mwaka.

Angalia jina lililo chini ya alama ya ramani kwenye skrini yako. Ikiwa limeandikwa Maps Go, basi tumeshajua. Kuna aina ya mfumo wa Android inayoitwa Android Go, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo, na simu zake za kwanza zilitoka 2018. Ramani ya Google iliyokuja nayo ni nyepesi: inakuonyesha njia na kukuandikia hatua, kama unavyoeleza, lakini haina muongozo wa sauti ndani yake. Muongozo huo uliwekwa kwenye programu ya pili inayopakuliwa peke yake. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua. Na simu ikiwa na nafasi ya GB 16 tu, mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa kabla hujaweka chochote, halafu video za magrupu ya WhatsApp zinamalizia zilizobaki. Ndiyo maana imejaa ikiwa bado mpya.

Lile la kutojua umeelekea upande gani ni jambo jingine. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisio cha dira. Bila dira, simu ikiwa imesimama haiwezi kujua kichwa chake kinatazama wapi. Ikianza kusogea, inalinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, ndipo inapata mwelekeo. Programu haiwezi kuweka dira ambayo haimo ndani ya simu, kwa hiyo asikudanganye mtu akuuzie marekebisho. Unachoweza kufanya ni kusogea polepole hatua chache mahali salama kabla ya kuchagua upande, mshale utageuka wenyewe. Kwenye barabara kuu ya magari, nakuomba usigeuze pikipiki mpaka uwe umehakikisha.

Kabla hujarudi dukani, fanya jaribio moja ili uwe na uhakika wa unachodai. Nenda uwanja wa mpira, mahali pa wazi, si Kariakoo katikati ya maghorofa wala ndani ya nyumba, kwa sababu zege na mabati huzuia mawimbi ya setelaiti na utapata jibu la uongo. Washa lokesheni, zima Kiokoa Betri, maana kwenye simu nyingi kinabana lokesheni skrini ikizimika. Pakua programu ndogo ya bure iitwayo GPSTest, itakuonyesha setelaiti unazozipata moja moja. Usishangae ukiona pamoja na za Wamarekani kuna za Urusi, za China na za Ulaya. Simu nyingi za sasa husoma za mataifa yote hayo. Ukizipata na kidoti kikatulia, basi dai lako ni la programu, nafasi na dira. Ukikaa dakika kadhaa pale uwanjani bila hata moja, basi kipokezi nacho kina tatizo, na hilo ni la waranti moja kwa moja. Piga picha ya skrini kwa vyovyote vile.

Halafu ingia Play Store, tafuta Ramani ya Google ile kamili, ujaribu kuiweka. Ikikubali baada ya kufuta hizo video za WhatsApp na kuzima zisijipakue zenyewe, kazi itasogea. Ikikuandikia kwamba haioani na kifaa chako, piga picha maandishi hayo. Huo ni ushahidi mzito kuliko kelele zozote utakazopiga pale dukani.

Wakati unahangaika na hayo, oda zisikusubiri. Weka Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishapakua ramani ya eneo lako kwa Wi-Fi inakuongoza kwa sauti bila bando. Haitakuonyesha foleni, lakini wewe una pikipiki. Ikigoma kwa ufinyu wa nafasi, futa kwanza kingine chochote usichokifanyia kazi. Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ramani huria ambayo watu wenyewe ndio wanaoichora, na kwa Dar es Salaam hilo lina maana ya pekee. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na cha Dar es Salaam mitaani pamoja na wakazi, wakachora vichochoro, mitaro na nyumba za kata zinazofurika maji. Tandale ilikuwa imeshaanza kuchorwa miaka michache kabla. Kwa hiyo kuna vichochoro vya uswahilini utakavyovikuta humo vimechorwa vizuri mno. Goba na Madale, ambako nyumba zinaota kila mwezi, siwezi kukuahidi hivyo. Huko mwombe mteja akutumie lokesheni akiwa amesimama mlangoni kwake, si ile aliyoituma akiwa kazini Posta, na akutajie namba ya nyumba na jina la mtaa vilivyowekwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Ukifika karibu, namba hiyo itakusaidia kuliko kuambiwa kata kwenye transfoma.

Sasa haki yako. Hujaliwa, mwanangu, ila una kazi ya kufanya.

Jambo lenye nguvu kuliko yote katika barua yako umeliandika kama jambo dogo: hukutaja jina la simu, ulitaja kazi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayoitakia, na ikaonekana anategemea ujuzi wa muuzaji, basi bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Mtu akiingia dukani akasema nipe simu fulani ya jina fulani, muuzaji anaweza kujitetea kwamba alimpa alichotaja. Wewe ulisema nataka inayoongoza kwa sauti, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono kabatini. Na mdogo wako alisikia.

Ndiyo maana anayepaswa kukujibu kwanza ni duka. Wewe uliuziana na duka, hukuuziana na kiwanda, hukuuziana na namba ya rekodi. Wanapokusukuma kwenye kituo cha huduma wanakutoa kwenye mlango ulio wako. Kituo kitashughulikia kilichoharibika, na kwako inaelekea hakuna kilichoharibika; umepewa kisicho sawa na ulichoomba.

Lakini nikwambie ukweli na upande wa pili. Umekaa na simu karibu miezi miwili na umeitumia. Sheria hiyo hiyo inahesabu kwamba mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kuikataa ameikubali, na hapo haki ya kuirudisha inapungua, inabaki ya kudai fidia. Kinachokusaidia ni kwamba ulirudi kulalamika mapema. Una ushahidi wa hilo? Ujumbe wowote wa WhatsApp kwa duka au kwa kampuni, wenye tarehe, usiufute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo sikuambii utarudishiwa 290,000 zote. Naona kinachowezekana zaidi ni kubadilishiwa simu inayofaa, pengine kwa kuongeza kidogo, na ningekushauri ukubali hilo likija kwa maandishi, na kampuni ya mkopo ikathibitisha kwamba deni limehamia kwenye simu mpya.

Duka likikataa, nenda Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na malalamiko ya watumiaji ni sehemu ya kazi ya Tume hiyo. Usihangaike kwanza na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kwa jambo hili, isipokuwa kwa kuhakiki kitu kimoja: piga *#06#, tuma namba ya IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, kwenda 15090, uone majibu yanataja aina ya simu uliyonayo mkononi. Simu bandia zilizimwa kwenye mitandao Juni 2016 lakini za kughushi bado hazijaisha mitaani. Majibu yakitaja simu nyingine, suala lako limebadilika, na hapo ni FCC siku hiyo hiyo.

Una risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Hujaitaja. Kama hukupewa, idai kwa upole kabla hujatoa malalamiko yako, kwa sababu ukishalalamika itakuwa ngumu kuipata. Mkataba wa mkopo nao unaonyesha duka, tarehe na bei, kwa hiyo hata bila risiti hauko mikono mitupu.

Usirudi kwa yule kijana. Muulize aliye kaunta jina la mwenye duka au meneja, umwandikie yeye. Barua isizidi ukurasa mmoja, wala usiweke hasira yoyote ndani yake, ingawa unayo kwa haki. Andika hivi, ubadilishe panapohitajika:

"Tarehe fulani nilinunua dukani kwenu simu yenye IMEI namba hii kwa Sh 290,000. Kabla ya kununua nilimweleza mhudumu wenu, mbele ya shahidi, kwamba nahitaji simu ya kuniongoza njia kwa sauti katika kazi yangu ya kusambaza mizigo. Sikuchagua aina ya simu. Mhudumu ndiye aliyenichagulia na kunihakikishia kwamba inafaa. Simu haina programu ya muongozo wa sauti, haina nafasi ya kuiweka, na haina dira. Nilirudi kulalamika tarehe hii na hii. Naomba mnibadilishie simu inayofanya kazi niliyoieleza, au turejesheane. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 14, la sivyo nitapeleka malalamiko FCC."

Yale ya nafasi na dira yaandike baada ya kufanya majaribio niliyokueleza, siyo kabla. Toa nakala mbili, nenda na mdogo wako, wapokee moja na wagonge muhuri na tarehe kwenye yako. Wakikataa kugonga, piga picha ya barua ikiwa juu ya kaunta yao, kisha itume pia kwa WhatsApp ya duka siku hiyo hiyo. Na yule dada wa keki, mpigie. Usimwombe kazi kwanza. Mweleze kilichotokea na kwamba sasa una njia ya kufika Madale, halafu mwachie yeye aamue.

Shangazi